Hedhi Tano za Bi Kidawa

Kwa mujibu wa takwimu za Kituo, Bi Kidawa, mwanamke wa miaka sitini na saba mwenye wajukuu kumi na mmoja, aliingia hedhini mara tano ndani ya Ramadhani moja.

Nilicheka peke yangu ofisini mpaka chai ikanipalia. Kisha nikaacha kucheka, maana kazi yangu ni ukaguzi wa takwimu, na mkaguzi anayeicheka namba halafu akaipita hastahili mshahara. Nikasogeza kiti, nikaifungua tena rekodi ya bibi huyu na kuanza kuisoma polepole.

Nilikuwa na wiki tatu tu katika Kituo cha Vioo, juu ya vilima vya Kondoa. Nilitokea kwetu Mpwapwa, na watu niliowajua humo walikuwa hawajafika kumi. Watu elfu mbili wanaishi nyuma ya vioo na machujio ya hewa kwa sababu huko nje vumbi lilikuja na homa yake, na homa hiyo ikiingia mapafuni haina haraka ya kutoka. Kila mkazi huvaa kikuku mkono wa kushoto. Kikuku hupima joto la ngozi, husoma sukari na homoni kwenye jasho, na humwambia daktari mambo ambayo mwenye mkono hajayajua bado. Jiko nalo hupakua chakula kwa kufuata kikuku. Jana yake tu, mbele yangu kwenye foleni, binti mmoja wa bustanini aliongezewa upawa mzima wa ugali, na kijana aliyekuwa nyuma yetu akalalamika kwamba yeye ndiye aliyebeba magunia.

"Mwili wangu unachoma kuliko wako wiki hii," yule binti alimjibu bila hata kugeuka. "Kama hutaki, kabishane na mashine."

Alikuwa sahihi. Yai likishapevuka, homoni ya projesteroni hupanda, na mwili hupata joto zaidi kidogo, chini ya nusu digrii. Njaa huongezeka, na chakula huchomwa kwa kasi zaidi kidogo. Kinga nayo hubadili mwenendo. Inaonekana hupunguza ukali wa namna fulani, pengine isije ikashambulia mimba changa kama ipo. Nasema pengine kwa sababu wataalamu wamebishana juu ya hilo tangu bibi yangu hajazaliwa, na mimi sikuajiriwa kuwaamua.

Daktari Suti, mkuu wa chanjo, ndiye aliyetaka kuumaliza ubishi huo kwa chanjo yake mpya ya homa ya vumbi. Ramadhani iliyopita aliwachanja wanawake thelathini na sita, kila mmoja katika siku tofauti ya mzunguko wake. Kwa siku tano baada ya sindano, vikuku vilitazama kama mwili umewaka kidogo, dalili kwamba chanjo imeshika. Kati ya wanawake ishirini na saba waliochanjwa siku nyingine za mzunguko, ilishika kwa ishirini na wawili. Kati ya tisa waliochanjwa siku chache kabla ya hedhi, ilishika kwa sita. Daktari akaandika kwamba tofauti ni ndogo na siku yoyote inafaa. Kwa maneno hayo, miji sita mingine ya vioo ilikuwa ikingoja kuanza kuchanja wanawake wake wote wiki iliyofuata, na mimi nililetwa kuhakikisha namba ziko sawa na kutia sahihi.

Namba hazikuwa sawa. Katika wale tisa, watano walikuwa na jambo la ajabu. Hedhi ilikuwa karibu, kikuku kilikwisha kuiona inakuja, halafu haikuja. Badala yake, saa saba mchana, wakati walipotakiwa kuwa wamefunga, sukari yao ilipanda kama ya mtu aliyekunywa uji, kisha ikakawia kushuka kama ya mgonjwa wa kisukari. Siku hizohizo, saa hizohizo, kikuku cha Bi Kidawa mwenye kisukari kilikuwa kikiandika hedhi ya msichana.

Sikuhitaji kuchorewa picha. Walikuwa wamebadilishana vikuku. Ambacho sikukielewa ni kwa nini, nami jambo nisilolielewa huninyima hamu ya kula.

* * *

Bi Kidawa alikuwa chumbani kwake anachambua uwele kwenye ungo, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya stuli, umefungwa bendeji.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkaguzi kutoka Mpwapwa. Wamesema unauliza sana."

"Na leo nimekuja kuuliza."

Nilipomwambia nilichokiona, mikono yake ilitulia kwenye ungo. Alinipima kwa macho kama mtu anayepima kitambaa sokoni.

"Nitakayokuambia ni amana," alisema. "Unaijua amana, au kwenu huko hamna?"

"Tunayo, bibi."

"Basi sikiliza. Umeuona mlango wa jiko? Ramadhani mchana unafungwa. Ukisogeza kikuku, unafunguka kama una udhuru. Mgonjwa taa ya manjano. Mkristo kama wewe taa nyeupe. Mwanamke aliye kwenye siku zake, taa nyekundu. Nyekundu, mwanangu, na ukumbi mzima umejaa wanaume wamekaa hawana la kufanya ila kutazama taa."

Sikujua nicheke au nilie. Mhandisi aliyeubuni mlango ule sijui alilelewa na nani. Kwetu sisi mwanamke hali kwa kujificha, maana hana anachokifunga, na haikunijia akilini kwamba kuna jambo la aibu pale.

"Mabinti wakawa wanashinda na njaa siku za hedhi, huku hawajafunga," aliendelea. "Wanazimia bustanini. Nikawaambia, njooni. Mimi mzee, taa yangu ya manjano, nani ataniuliza? Chukueni kikuku changu mle, mimi nikae na chenu humu ndani mpaka siku zenu ziishe. Wananiletea na uji wangu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Kikuku chako ndicho kinachoilinda sukari yako. Ingepanda sana je?"

"Haikupanda sana." Alirudi kwenye uwele. "Mara moja ilipanda. Nikalala, ikashuka."

Nikamuuliza ule mguu una nini. Akasema ni kidonda cha kisukari, kina mwaka mzima hakijapona, na huwa cha moto kama jiwe la jikoni. Hapo ndipo uchunguzi wangu ulipokamilika, na nilitamani usingekamilika. Kikuku kilichokuwa kikitazama kama chanjo imeshika kwa mabinti watano kilikuwa kwenye mkono wa bibi mwenye kidonda, ambaye mwili wake haukuacha kuwaka usiku na mchana. Kinga iliyoandikwa kwenye rekodi zao ilikuwa kidonda cha Bi Kidawa.

Nilimweleza kwa maneno mepesi. Nilidhani atashtuka, lakini kwanza alitaka kuelewa.

"Kwa hiyo waliochanjwa karibu na hedhi ndio haohao waliokuja kwangu."

"Ndiyo. Hedhi ndiyo iliyowaleta. Waliochanjwa siku nyingine, hedhi yao haikuangukia zile siku tano za kupimwa."

"Na wale wanne waliobaki katika tisa?"

"Wakristo. Hawakubadilishana na mtu. Kwa hao chanjo ilishika kwa mmoja tu."

"Mmoja katika wanne," alisema taratibu. "Na hawa wangu hakuna ajuaye."

"Hakuna ajuaye. Wanne ni wachache, bibi, siwezi kusimama mbele ya watu na wanne. Lazima damu ya hao watano ipimwe."

"Kuna Shamsa humo," alisema. "Jumatatu anatoka nje."

* * *

Daktari Suti si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka, mwenye friji moja ya vitendanishi, dawa za kupimia kingamwili kwenye damu, ambayo anaitazama mara kwa mara.

"Vimebaki vya vipimo arobaini, Dada Perusi," aliniambia. "Ni vya wagonjwa. Nikitoa vitano kwa wanawake wazima ambao vikuku vyao vinasema wamekingika, Baraza la Kituo litaniuliza sababu. Nipe sababu."

"Kuna shaka katika takwimu zao."

"Shaka ya nini?"

Akaweka kalamu chini.

"Kama ni kubadilishana vikuku, useme wazi. Ila sheria unaijua. Anayevaa kikuku cha mwenzake na anayemvalisha, wote hutolewa nje ya vioo. Sikuitunga mimi. Mwaka juzi mtu alimvalisha mgonjwa wa homa kikuku chake, tukazika watu kumi na wanane."

Niliijua sheria. Nilijua pia kwamba nje hakuna zahanati inayotoa insulini. Ile ya mwisho ilifungwa vumbi lilipofika mlangoni. Ukimtoa Bi Kidawa, umemtoa na dawa yake.

Nilirudi ofisini nikajaribu kuwa mwerevu. Nilifikiri kudai kwamba mimi mwenyewe nimevuruga faili la wale watano kwa uzembe, ili wapimwe upya. Kazi ningepoteza, lakini kazi hupatikana nyingine. Shida ni kwamba Shamsa angeokoka, ila mkaguzi aliyekiri kuvuruga faili hakuna ambaye angezisikiliza namba zake. Miji sita ingechanja siku yoyote, na robo au theluthi ya wanawake wa huko wangetembea kwenye vumbi wakiamini wana kinga wasiyo nayo. Miaka ishirini na sita nimeishi kwa namba bila kuzidanganya, na sasa uongo mmoja ulikuwa unaniomba niupishe mlangoni.

* * *

Shamsa nilimkuta bustanini, kwenye safu za mtama, ana mkasi mkononi na kitambaa kichwani. Kumbe ndiye yule binti wa upawa wa nyongeza. Ana miaka ishirini na nne, na Jumatatu alikuwa anatoka na kikundi cha watu sita kwenda kufukua kisima cha kijijini kwao, kilichozibwa na vumbi akiwa mtoto. Alikwisha kuomba kibali cha kutoka mara tatu. Baba yake na wadogo zake walikuwa bado huko, wanakunywa maji ya kuletwa mara moja kwa wiki.

"Bi Kidawa amekuambia," alisema kabla sijafungua kinywa.

"Ameniambia. Shamsa, chanjo yako huenda haikushika."

"Huenda."

"Kwa wenzako waliochanjwa siku kama zako, ilishika kwa mmoja katika wanne."

"Basi huenda mimi ndiye huyo mmoja." Alikata suke, akaliweka kikapuni. "Mama Perusi, naomba nikuulize na mimi. Ukisema, Bi Kidawa anatolewa?"

"Sheria inasema hivyo."

"Atakaa muda gani bila dawa?"

Macho yalimjaa machozi.

"Aliniita ndani nikiwa nimeanguka pale ukumbini, watu wote wananitazama. Akanipa kikuku chake bila kuniuliza jina. Nitatoka nje Jumatatu, na nikikohoa nitakohoa mwenyewe. Mapafu ni yangu."

"Na wale wa miji sita? Mapafu yao ni ya nani?"

Alinitazama kwa hasira, hasira ya mtu aliyekwisha kujiuliza swali hilo na hakupenda jibu lake.

"Hilo ni lako wewe mkaguzi," alisema. "Usilitupe kwangu."

Aligeuka akaendelea kukata. Nilisimama pale nikitazama mgongo wake, na nilimpenda sana binti yule, na nilimkasirikia vilevile. Lakini alisema kweli, lilikuwa langu.

* * *

Ijumaa asubuhi nilirudi kwa Bi Kidawa. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba aniondolee amana. Nilipanga maneno njiani, nikayapoteza yote nilipoketi.

"Kuna methali, bibi," nilianza. "Mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua," alimalizia. "Usinifundishe methali, mwanangu, nilizijua hujazaliwa. Nipe fimbo yangu."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Suti. Toka juzi nawaza. Nimejiuliza nilikuwa nawapa nini wale mabinti, na nikaona nilikuwa nawapa stara. Stara ni ya macho ya watu. Haikuwa sanda." Alinyanyuka kwa shida, akaegemea bega langu. "Shamsa alikuja jana kuniomba ninyamaze. Amelia hapo ulipokaa. Nilimwambia nitafikiri, nisimuudhi."

Tulitembea taratibu kwa sababu ya mguu. Ofisini kwa Daktari Suti hakukaa mpaka alipokaribishwa mara mbili. Alivua kikuku akakiweka mezani na kusema kwamba yeye ndiye aliyebuni mchezo ule, na kwamba mabinti walikuja kwa kuitwa naye. Akataja siku za kila kikuku alichokivaa. Hakukosea hata moja. Nilikuwa nazo kwenye karatasi yangu na nilizifuata kwa kidole.

"Majina yao utayaona kwenye namba," alimwambia. "Wapime damu. Ila kwenye Baraza peleka jina langu peke yangu."

Daktari Suti alikichukua kikuku, akakigeuza mkononi.

"Mabinti naweza kuwatetea. Nitasema waliitwa na mkubwa wao," alisema mwishowe. "Wewe sijui. Baraza linakaa Alhamisi. Siwezi kukuahidi kitu, Bi Kidawa."

"Sikukuomba ahadi. Nimekuomba damu ya watoto ipimwe."

Akafungua friji.

Majibu yalitoka Jumamosi mchana. Kati ya wale watano, mmoja alikuwa na kingamwili za kutosha. Wanne hawakuwa nazo, na Shamsa alikuwa miongoni mwa hao wanne. Pamoja na wale Wakristo, ikawa wawili katika tisa, mahali palipokuwa pameandikwa sita. Nilimpelekea Shamsa karatasi mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akaketi chini kwenye udongo wa bustani. Kisha akauliza kama anaweza kuchanjwa tena, na lini. Nikamwambia siku saba tangu leo, kwa mujibu wa mzunguko wake, halafu angoje wiki tatu. Akasema baba yake amengoja miaka kumi na tano, wiki tatu atazivumilia. Hakuniuliza habari za Bi Kidawa, maana jibu lake tulilijua sote wawili.

* * *

Ripoti ilitakiwa kwenda Jumapili saa nane mchana, kabla miji sita haijafungua masanduku ya chanjo. Nilikuwa nikiiandika pale Bi Kidawa alipopiga hodi, akaketi kwenye kiti cha wageni na kuegesha fimbo yake ukutani.

"Nisomee," alisema.

Nilimsomea. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye chanzo cha kosa, ambapo nilikuwa nimeandika: hitilafu ya vifaa.

"Vifaa gani?"

"Nimekuficha, bibi. Suti ameniambia ripoti hii Baraza litaisoma. Kama haina jina, anaweza kujenga hoja ya kukutetea."

"Futa."

"Bi Kidawa..."

"Futa, mwanangu. Ukiandika vifaa, watanunua vikuku vipya, na mlango utabaki palepale na taa yake. Ramadhani ijayo mabinti watavaliana tena, na safari hii hata mimi sitakuwapo wa kukuambia." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Namba zako zitaharibika tena, nawe utakaa hapa unacheka chai ikupalie."

Sijui nani alimwambia habari za chai. Nilifuta. Niliandika kuhusu mlango, kuhusu taa na ukumbi, na njaa ya wasiofunga. Nilikosea herufi kila neno la tatu.

"Halafu niambie," alisema, amesogea mbele kwenye kiti kama mwanafunzi. "Mwishowe ni siku zipi? Maana nimewavalia mwezi mzima, nastahili kujua."

"Kwa chanjo hii, inaonekana hushika zaidi kabla yai halijapevuka. Siku za mwisho kabla ya hedhi, mwili unaipokea kwa uvivu. Bado tunahitaji kuwapima wengi zaidi. Lakini kwa sasa miji sita isimchanje mwanamke siku zile za mwisho, na aliyechanjwa siku hizo apimwe."

"Kumbe," alisema. Alitikisa kichwa kwa mshangao, akatabasamu. "Na sisi tulidhani siku zile zinatunyima swala na funga tu. Basi hilo liweke juu kabisa, walione kwanza. Jina langu liweke chini yake. Na uliandike lote, Kidawa binti Isanga, maana kuna Kidawa mwingine kule kwenye kitengo cha nguo, wasije wakamtoa mtoto wa watu."

Niliandika kama alivyosema, la siku likiwa juu na jina lake chini. Dawa yake ya sukari ilikuwa imebaki ya siku kumi na nne. Nikaandika na hilo pia, ili Alhamisi Baraza lijue linapiga kura juu ya nini.